Miwani ya Bi Kanuni

Dada yangu mkubwa hasahau kitu. Nianzie hapo, kwa sababu ukilijua hilo umeshamjua nusu. Mimi nimewahi kutoka nyumbani na viatu viwili visivyofanana, na mdogo wetu wa mwisho aliwahi kushuka basi akauacha mkoba uendelee na safari. Lakini yeye? Ng'o. Mwavuli, kitambulisho, leso, miwani, chupa ya maji, vyote vinaingia mkobani tangu jioni, na mkoba unakaa kwenye kiti kile kile karibu na mlango, na ole wako uuguse. Ofisini kwao walimbatiza Bi Kanuni. Alipolisikia jina hilo hakukasirika. Alisema ni afadhali hilo kuliko majina mengine yanayotembea pale.

Kazi yake ni ununuzi, kwenye wakala wa serikali unaofuatilia bei za mazao. Wao ndio wanaotakiwa kujua mahindi yamepanda wapi na vitunguu vimeoza wapi, ili wakubwa wasije kushtukizwa. Dada mwenyewe hanunui mahindi. Ananunua vitu vya ofisi: karatasi, wino, viti, matairi, na kila mwaka ile huduma ya habari. Kuna kampuni kubwa ya habari, ukijiunga nayo kwa mwaka inakutumia kila asubuhi habari za masoko na bei kwenye kompyuta. Mhazili anazichapa, anazitia kwenye jalada la kijani, jalada linazunguka kwa wakubwa, na kila mmoja anatia alama kwamba amesoma. Kama amesoma kweli au ameliwekea kikombe cha chai, hilo ni lake na Mungu wake.

Sasa serikali ikinunua kitu inatakiwa kuitisha zabuni, watu washindane. Isipokuwa pale ambapo muuzaji ni mmoja tu. Hapo wanaruhusiwa kumwendea moja kwa moja, mradi afisa ununuzi aandike na kutia sahihi kwamba hakuna mwingine. Maneno yenyewe nayajua kwa moyo: "Hakuna mzabuni mwingine mwenye uwezo wa kutoa huduma hii." Mwaka wa kwanza Dada alipoyaandika yalikuwa kweli tupu. Alipiga simu huku na huku, akauliza mpaka vyuoni, akapekua mpaka akachoka. Hakukuwa na mwingine.

Mwaka uliofuata mdogo wetu akafungua ofisi yake.

Huyu mdogo wetu tunamwita Redio. Tangu utoto alikuwa akisoma kila kitu kwa sauti: mabango, maboksi ya dawa, gazeti lililofungia nyama. Baba alifariki Redio akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu, Mama akashinda sokoni na meza yake ya mboga, na aliyemlea mtoto ni Dada. Alimpeleka shule, akamlipia chuo cha uandishi wa habari, na mtu aliyetaka kumwoa Dada aliambiwa asubiri kwanza huyu amalize. Yule bwana alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Dada hajawahi kulisema jambo hilo kwa uchungu. Mimi ndiye nalisema kwa uchungu, maana alikuwa bwana mzuri na nilikuwa nimeshafikiria gauni nitakalomshonea.

Ofisi ya Redio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Meza mbili, kompyuta mbili, feni yenye kelele kuliko upepo, na wasichana wawili waliomaliza chuo na yeye. Asubuhi na mapema walikuwa wanaingia sokoni wenyewe. Wanamuuliza bei muuzaji, kisha wanamuuliza mnunuzi, maana hao wawili hawasemi bei moja hata siku moja. Wanawapigia simu wenzao wa masoko ya mbali, na watu hawajamaliza kunywa chai, bei zote ziko mtandaoni. Siku ya ufunguzi Dada alikuja na kreti mbili za soda. Yeye ndiye aliyekata utepe, kipande cha satini nyekundu kutoka kwenye mabaki ya cherehani yangu. Alikata huku analia, jamani, haoni hata anapokata, mpaka ikabidi nimshike kiwiko.

Na wiki hiyo hiyo, kule kazini, alitia sahihi kwamba hakuna mwingine.

Usimdhanie vibaya. Lazima ujue wanavyofanya kazi pale. Barua pale haiandikwi, inafufuliwa. Unafungua ya mwaka jana, unabadilisha tarehe, unachapa, unatia sahihi, basi. Wote wanafanya hivyo, tangu mlango wa mbele hadi wa nyuma. Kuna mwaka walituma barua za shukrani nchi nzima kwa jina la mkurugenzi aliyekuwa ameshastaafu na anafuga kuku. Dada naye alifungua ile ya mwaka wa kwanza, akabadilisha tarehe, akasaini, akainuka kwenda kununua soda za mdogo wake. Hayo mawili hayakukutana kichwani mwake. Kwake Redio alikuwa mtoto wa nyumbani. Hakuwa mzabuni.

Yalikutana siku nyingine, mezani. Ilikuwa desturi yetu jioni, tukishakaa kula, Redio anamsomea Mama bei za siku ile. Mama macho hayamsaidii tena, lakini ameuza mboga maisha yake yote, na bei kwake ni kama habari za ukoo. "Vitunguu vimepanda," Redio anasoma, na Mama anajibu, "Nilijua, mvua ya juzi hiyo." "Nyanya zimeshuka." "Zimeshuka au zimeoza? Uliza vizuri." Basi jioni moja Redio anasoma, Mama anambishia, mimi nacheka, na nikaona kijiko cha Dada kimesimama hewani. Nikamuuliza, "Una nini, umekula mchanga?" Akasema hana kitu. Aliweka kijiko chini na hakula tena.

Haya ya ofisini nimeyapata kwake baadaye, kwa vipande, tukikunja nguo. Wakati ule sikujua lolote. Ningejua ningepiga kelele mtaa mzima ukasikia, na nadhani ndiyo sababu hakuniambia.

Angalia alivyonaswa. Mwaka ulikuwa unakwisha, huduma ya habari inatakiwa kununuliwa tena. Akisema mwaka huu kuna mwingine, wataitisha zabuni, na Redio ataweza kuingia. Lakini swali la kwanza litakuwa: huyo mwingine ni nani? Mdogo wako. La pili: ameanza lini? Mwaka jana. Na mwaka jana ulisaini nini? Pale pale ofisini kulikuwa na mtunza stoo ambaye shemeji yake aliuza viti. Viti vilikuwa vizuri, bei ilikuwa nzuri, lakini hakusema mapema kwamba ni shemeji. Alisimamishwa, akakaa nyumbani mpaka ndevu zikaota mvi, na alipokuja kusafishwa hakuna aliyemkumbuka. Na mshahara wa Dada ndio dawa za Mama, ndio paa letu. Mimi na cherehani yangu tunaongezea chumvi tu.

Asiposema, basi ni kuandika kwa mara nyingine kwamba Redio hayupo. Na Redio alikuwa anakwama. Wenye maduka walizisoma bei zake kila siku na kuzisifu, lakini kulipia hawataki. Alihitaji taasisi moja tu, moja kubwa ijiunge, basi ofisi isimame. Alikuwa ameshagonga milango mingi mpaka vidole vinauma. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kupanda ngazi mwenyewe kuja kumsalimia, na mwenye nyumba hapandi ngazi bure.

Jioni moja Redio akamuuliza, bila hila yoyote, "Dada, hivi pale kwenu nani anawaletea habari za bei?"

"Kula," Dada akasema.

"Nauliza tu."

"Na mimi nasema kula. Mambo ya ofisini yabaki ofisini."

"Haya bwana. Samahani, Bi Kanuni."

Alisema kwa utani, Mama akacheka, na mimi nikacheka. Dada aliondoka akaenda kuosha sufuria ambalo lilikuwa limeshaoshwa.

Kesho yake alimwendea mkurugenzi. Huyu mkurugenzi si mtu mbaya, niseme haki ya Mungu. Ni mzee mpole mwenye kikohozi na sweta. Hapokei kitu kwa ile kampuni kubwa, hata kalenda. Ameizoea tu, basi, kama mtu anavyozoea upande wake wa kitanda. Dada alisimama mbele ya meza yake akasema, "Mzee, ile huduma ya habari, nilikuwa nafikiri mwaka huu tuitangaze. Tuone kama kuna wengine."

Mzee akainua macho. "Kuna wengine?"

"Huenda wakawepo."

"Nani?"

Jina lilikuwa mdomoni. Dada anasema alilisikia kabisa limekaa juu ya ulimi. Mkurugenzi akakohoa, akafungua faili, akamwonyesha. "Mwaka jana umesema hakuna. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu, Mzee."

"Sasa huyo ametokea wapi mwaka huu?" Aliuliza kwa upole, alitaka kujua kweli. Dada akasema, "Nilikuwa nawaza tu." Mzee akasema basi wasichelewe, jalada la kijani lisije likakosa karatasi.

Lakini kulikuwa na jambo moja jipya. Mwaka ule sheria ilibadilika kidogo. Kabla ya kununua bila zabuni, ilibidi tangazo libandikwe kwenye ubao pale mapokezi kwa wiki mbili: wakala unakusudia kununua huduma hii kwa kampuni fulani bila ushindani, kama alivyoidhinisha afisa ununuzi mwaka jana, tarehe fulani; kama yupo mwingine anayeweza, ajitokeze kwa afisa ununuzi kabla ya tarehe fulani. Akijitokeza mtu, zabuni lazima. Dada aliliandika mwenyewe, neno kwa neno, hakufufua kitu. Aliona ndilo tundu pekee lililobaki. Redio akiingia mwenyewe kwa miguu yake, akasema mimi nipo, basi Dada ataenda kwa mkurugenzi na kusema, huyu ni mdogo wangu, na mwaka jana nilikosea, fanyeni mtakalofanya. Alikuwa ameshajiandaa. Hata vitu vyake vya droo ya chini alikuwa ameshavipanga.

Kilichobaki ni Redio alione hilo tangazo. Na hapo ndipo kanuni zilipomkaba koo. Afisa ununuzi hawezi kumnong'oneza ndugu yake "njoo". Hilo ni kosa lenye jina na kifungu. Angeweza kumwambia jirani, angeweza kumwambia muuza maji, lakini huyu mmoja aliyezaliwa naye tumbo moja, anayekaa naye meza moja kila jioni, huyu hapana. Ningekuwa mimi ningemwambia kabla gundi haijakauka. Yeye aliongeza ukubwa wa herufi. Alibandika karatasi katikati ya ubao, usawa wa macho ya mtu wa kimo cha Redio, akaondoa tangazo la paka aliyepotea lililokuwa pembeni. Hayo tu.

Halafu akasahau miwani.

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, simu ikalia. "Nimesahau miwani," anasema. "Kwenye kiti. Mwambie Redio aniletee."

Nikasema, "Wewe? Umesahau? Unaumwa?"

"Mwambie aniletee. Yeye mwenyewe."

Mimi nilikuwa na mapazia ya mteja upande ule ule wa mji, nikafuatana naye. Jengo lao lina vigae vinavyoteleza, kiti kirefu cha mbao, na mlinzi ambaye akianza kusimulia habari za mgongo wake huondoki. Basi mimi nikanaswa na mgongo wa mlinzi. Redio akasimama mbele ya ubao. Huyu ni mtu anayesoma maboksi ya dawa, atasimama mbele ya ubao asisome? Niliona midomo yake inacheza, kisha ikasimama. Akakaa pale, akakaa, mpaka nikamwita, "Wewe, umeota mizizi?" Dada akatoka, akapokea miwani. Walitazamana. Dada akamwangalia yeye, akauangalia ubao, akamwangalia tena.

"Asante," akasema.

"Usisahau tena," Redio akajibu.

Njiani nilimtania kwamba Dada anazeeka. Nikasema labda amepata mchumba, ndiyo maana kichwa hakipo. Akasema, "Dada hasahau kitu," kisha akaongeza mwendo. Nikaona ni maringo ya waandishi wa habari, nikaachana naye.

Basi zikaanza siku za ajabu. Dada alisahau mwavuli. Akasahau simu, akampigia Redio kwa simu ya mhazili. Akasahau chupa ya maji, jambo la kuchekesha, kana kwamba kule ofisini hakuna maji. Kila mara ni Redio aniletee, Redio mwenyewe. Na Redio kila mara alikwenda. Alipita mapokezi, akamkabidhi kitu, akarudi. Mama alianza kuwa na wasiwasi akasema tumpeleke Dada hospitali akapimwe kichwa. Mimi nikasema afadhali, labda sasa atakuwa mtu wa kawaida kama sisi.

Mezani tulikuwa tunakula kama watu wanaokula kwenye msiba wa jirani. Dada anamwangalia Redio, Redio anaangalia sahani. Redio anainua macho, Dada anageukia ukuta. Bei alikuwa anazisoma bado, lakini harakaharaka, bila kumpa Mama nafasi ya kubisha. Mimi sipendi nyumba yenye kimya. Nikagonga meza, nikasema, "Nyinyi wawili mna nini? Kama mmegombana, gombaneni tusikie!" Wote wawili wakasema kwa pamoja, "Hakuna kitu." Wakashtuka kwa kusema pamoja, na chakula kikaendelea.

Siku ya mwisho ya tangazo Dada hakukaa mezani kwake. Alishuka akakaa kwenye kile kiti kirefu cha mapokezi, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Watu walipita. Mmoja alikuja kuuliza choo. Mwingine aliuliza kama paka amepatikana. Kila mlango ulipofunguka alinyanyua kichwa. Saa ya kufunga ikafika, mlinzi akamwambia, "Mama, unamsubiri mtu?" Akasema hapana. Mlinzi akafunga mlango mmoja, akamwachia mwingine. Alikaa mpaka mlinzi akaona haya, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. Ndipo Dada alipoinuka akang'oa karatasi, akaikunja vizuri, na kesho yake akaandika: "Tangazo limekaa kwa muda uliowekwa. Hakuna aliyejitokeza." Akasaini. Huduma ikanunuliwa kwa kampuni ile ile. Jalada la kijani halikukosa karatasi hata siku moja.

Ofisi ya Redio haikuumaliza mwezi uliofuata. Wale wasichana walilia, mmoja akachukua feni. Kompyuta zilikwenda kwa mwenye nyumba. Redio aliposhusha kibao cha ofisi alikileta nyumbani, akakisimamisha nyuma ya mlango wa jikoni, kimegeuzwa uso ukutani.

Jioni hiyo tulikuwa wote sebuleni. Mama kwenye kiti chake cha dirishani, mimi napindisha suruali ya mtu, Redio kakaa chini. Dada aliingia kutoka jikoni, amekiona kibao. Hakuvua hata viatu.

"Kwa nini hukuja?" akasema.

Nikafikiri anaongea na mimi. Redio alijua.

"Nije kufanya nini, Dada?"

"Ulisoma. Nilikuona umesoma. Siku ya kwanza kabisa ulisoma."

"Nilisoma mpaka chini," Redio akasema. "Chini kulikuwa na sahihi. Ya nani ile?"

"Yangu."

"Basi."

"Basi nini! Nilikuwa tayari! Nilikusubiri mpaka mlinzi akanifagilia miguu! Wewe unadhani mimi nasahau miwani? Mimi?"

"Ndiyo maana nilijua," Redio akasema. "Ungesahau kweli, ningekuja. Ningeingia nikasema mimi nipo, sikujua kitu. Lakini nilijua unaniita. Nilijua nikiingia tu, wewe unatoka. Ulinikatia utepe wiki ile ile uliyosaini, Dada, tarehe ninazo. Wangezipata siku moja tu. Ningekaaje mle ndani kila asubuhi nikiandika bei ya vitunguu, nikijua nimekukalia wewe?"

"Hilo lilikuwa langu kuamua."

"Na mimi nikaamua langu."

Mimi nilikuwa nimejichoma sindano na sijui. Nilipoelewa, damu ilinipanda. Niliwatukana wote wawili, siwezi kuficha. Niliwaambia ni wapumbavu waliosomeshwa, mmoja anabandika makaratasi badala ya kusema, mwingine anasoma makaratasi badala ya kusema, na mimi niko katikati napokea simu za miwani! Nikasema nitakwenda kesho kwa huyo mzee wa kikohozi nimpasulie ukweli. Dada akasema, "Nenda." Redio akasema, "Ukienda, usiniite ndugu yako." Nikabaki nimesimama na suruali ya mtu mkononi. Sikwenda. Uende umseme nani, umponye nani? Ukimgusa mmoja unamwangusha mwingine.

Mama alikuwa ameyasikia yote pale dirishani. Masikio yake ni mazima, ni macho tu. Akasema, "Bei za leo hujanisomea."

Redio akafuta uso. "Leo sikwenda sokoni, Mama."

Sasa hivi Redio anafanya kazi chini ya ile ofisi yake ya zamani, kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi. Anaandika risiti za misumari na saruji. Tajiri wake anampenda kwa sababu hakosei. Hasomi tena kwa sauti. Hata dawa za Mama anazisoma kimoyomoyo. Dada bado yuko ofisini, mkoba bado uko kwenye kiti, na hajasahau kitu tangu siku zile. Hawajanuniana, wasikudanganye watu. Redio anampigia pasi magauni, Dada anamwekea chakula. Wanatunzana mpaka unachoka kuwaangalia. Nyumba yetu imekuwa na adabu nyingi mno, hakuna anayegonga mlango wa mwenzake kwa nguvu.

Juzi mwaka umezunguka tena. Nilijua kwa sababu Dada alirudi na wino kidoleni na akakaa mezani bila kunawa. Safari hii alizunguka kama mwaka wa kwanza, akapiga simu, akauliza mpaka vyuoni. Tangazo lilikaa kwenye ubao wiki zake mbili. Alikuwa ametoka kusaini.

Tukala. Mama, ambaye siku hizi huuliza mara moja moja tu, akasema, "Hivi vitunguu vinauzwaje?"

Redio aliendelea kutafuna. Dada ndiye aliyejua, maana jalada la kijani linapita mezani kwake kila asubuhi, na siku hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitoa jambo la ofisini akalileta mezani. Alitaja bei.

Mama akatikisa kichwa. "Si kweli. Kwa mvua hii? Nani kakwambia?"

"Wale wa kampuni, Mama."

"Hao hawajaingia sokoni. Hebu ulizia kwa mwingine."

Redio alikuwa ameacha kutafuna. Dada aliangalia kidole chake chenye wino, akakisugua kwa kidole gumba, haukutoka.

"Hakuna mwingine, Mama," akasema. "Mwaka huu hakuna."